Nukta ya Wino Kwenye Jicho la Kushoto

Mwanangu Mwanaidi,

Barua zetu za zamani zilianza kwa kuulizana hali: mwandishi anasema yeye ni mzima, hofu na mashaka ni kwa msomaji aliye mbali. Mimi hali yako naijua. Sasa hivi uko nyumbani mnagombana na mama yako juu ya ndoo, yeye anataka upande nayo basi, wewe unasema Morogoro ndoo zinauzwa. Mimi nimejifungia hapa studio tangu adhuhuri, nimegeuza kibao cha kusema tumefunga, na wateja wawili wameshagonga wakaondoka wananung'unika. Hofu na mashaka safari hii ni ya mwandishi.

Sitakuandikia habari za neti, wala unga wa uji, wala usisinzie ukiwa umepakata begi. Hayo mama yako ameshayamaliza, na mengine ameyarudia mbele ya majirani makusudi, ili ukiyasahau uone aibu. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu ulipokuwa na miaka miwili, na ningeweza kulibeba hadi kaburini kama si ile fomu yako ya chuo.

Unakumbuka uliniletea nisaini kama mzazi. Kwenye sehemu ya afya ulikuwa umeandika, kwa mwandiko wako ule ulionyooka: "Nilitolewa jicho la kushoto utotoni kwa sababu ya saratani. Ugonjwa ulianza ghafla." Kalamu ikanisimama mkononi. Ukaniuliza, "Baba, mbona umeganda?" Nikakujibu kwamba kalamu imeisha wino. Ukaniletea nyingine, nikasaini, nikatoka nje kujifanya naangalia kuku.

Hilo neno "ghafla" umelipata kwangu. Ndivyo nilivyokusimulia tangu ulipoanza kuuliza, ndivyo nilivyowasimulia shangazi zako na walimu wako, na limesemwa mara nyingi hadi limekuwa historia ya nyumba. Jicho halikuugua ghafla, Mwanaidi. Lilitoa taarifa mapema, na taarifa hiyo ilinifikia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, kwenye kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Kusema kweli, wa kwanza kuona alikuwa bibi yako, mama yangu, kule Kang'ata. Tulikupeleka umsalimie, ukawa unacheza mlangoni na jua la jioni linaingia ndani. Akakukamata kidevu, akakugeuza huku na huku, akasema, "Huyu mtoto jicho lake hili linang'aa kama la paka. Mimi silipendi."

Nikacheka. "Mama, ni jua hilo linammulika."

"Jua nimeliona miaka mingi, na watoto nimelea saba na wajukuu siwahesabu. Halijawahi kuwasha jicho la mtu."

Akataka tukupeleke kwa mganga mmoja anayemwamini. Nikakataa kwa majivuno. Mimi mtu wa Korogwe mjini, mwenye studio, mwenye kamera ya Kijapani na flashi ya kuchomeka juu, nitampelekaje mwanangu kwa mganga kwa sababu ya jua la jioni? Kumkataa mganga sijutii. Najuta kwamba pamoja na mganga nililikataa na jicho la mama yangu, ambalo lilikuwa linaona vizuri kuliko kamera yangu.

Wiki chache baadaye ikawa Idi. Wewe ulizaliwa siku ya Idi, ndiyo maana ukaitwa hivyo, kwa hiyo siku ile ilikuwa sikukuu mara mbili. Mama yako alikushonea gauni la njano lenye mikono ya puto. Pale Kang'ata niliwapanga wajukuu wote kwenye mkeka ndani ya nyumba ya bibi, mlikuwa kumi na mmoja, nikachomeka flashi nikapiga. Siku zile tulipiga kwa mkanda. Unajaza mkanda, unaupeleka Tanga kusafishwa, unasubiri siku kadhaa ndipo unajua umepata nini.

Lazima nikueleze kidogo namna tulivyofanya kazi, maana bila hilo hutaelewa. Flashi ikimpiga mtu usoni, mboni hutoka nyekundu, na mteja hataki kutundika ukutani picha ya jini. Kila mpiga picha alikuwa na kalamu yake nyembamba ya wino mweusi. Unagusa mboni kwa ncha, unapuliza, mtu anarudi kuwa mtu. Kazi yenyewe ni ya sekunde moja lakini inataka mkono mwepesi, maana ukizidisha mteja anatoka ametumbua macho. Mimi nilisifika kwa hilo. Wapiga picha wenzangu walikuwa wananiletea picha za harusi niwatilie nukta.

Picha ya Idi ikarudi. Wajukuu kumi na mmoja, macho mekundu kila mahali kama kawaida. Wewe ulikuwa katikati, jicho la kulia jekundu kama la wenzako, jicho la kushoto jeupe. Katikati ya mboni palikuwa na weupe kama ushanga. Nikasema flashi hii imeanza kuharibika. Nikatia nukta kwa watoto wote, nikatia na kwako, pande zote mbili. Nikampelekea mama yako, akaitia kwenye mkoba wake. Alikuwa akiwaonyesha watu hata sokoni.

Kosa hilo la kwanza nimeshajisamehe, mwanangu. Sikujua. Hakuna aliyetufundisha kwamba weupe ule kwenye picha ya mtoto unaweza kuwa uvimbe umekaa ndani ya jicho, na mwanga wa flashi unaugonga na kurudi. Hata leo ukisimama stendi ukiuliza watu kumi, labda mmoja atakuwa amewahi kusikia.

Ninaloshindwa kujisamehe ni la pili. Baada ya miezi kama minne mjomba wako alioa kule Mashewa, upande wa mama yako. Nikapiga picha za ukweni kwa bidii zote, maana Wasambaa wale walikuwa bado wananiita Mzigua wa porini, wanasema nimemwiba binti yao, nikataka waone kwamba nina ufundi. Flashi nilikuwa nimeshabadilisha, ilikuwa mpya. Mkanda uliporudi nikakuta picha yako umepakatwa na bibi harusi. Yeye macho yake mekundu. Wewe la kulia jekundu, la kushoto jeupe, na weupe umekuwa mkubwa zaidi.

Nilikaa na picha ile mkononi hapa hapa studio, kwenye kiti hiki hiki. Flashi mpya, mahali pengine, siku nyingine, jicho lile lile. Mtu hahitaji elimu kubwa kujumlisha hapo. Na mimi nilijumlisha, nikapata jibu, kisha nikachukua kalamu.

Umewahi kusikia wazee wakisema ukipenda, chongo huita kengeza. Watu huisema kwa kucheka, kumtania mtu anayemsifia mpenzi wake. Mimi nilikupenda hadi nikafanya zaidi ya kuita. Niliona jambo baya kwenye uso wa mwanangu na mkono wangu ulikuwa umezoea kwamba baya likionekana usoni linafutwa, mtu anapendeza, nyumba inafurahi. Nilipopuliza wino ukakauka, nikaiangalia tena picha ukawa mzima kabisa, na mimi, niliyeiweka nukta ile kwa mkono wangu, nikaiamini. Huo ndio wazimu wenyewe.

Baada ya hapo jicho likaanza kwenda upande, kengeza la kweli. Baadaye likawa jekundu na linatoa machozi. Mama yako akasema twende zahanati. Muuguzi alikuwa dada mpole, akakuangalia kwa tochi, lakini ulikuwa unalia umefumba macho kwa nguvu zako zote. Akaniuliza, "Baba, kabla ya huu wekundu, mmewahi kuona weupe wowote katikati ya jicho?"

Nikasema, "Hapana."

Sikuwa nimepanga kudanganya. Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kawaida. Akatupa dawa ya kupaka, akasema tukiona haliponi turudi haraka. Tukarudi, na safari hiyo akaandika barua tupelekwe mbele, lakini mimi nikasema tungoje mahindi yavunwe. Tulipomaliza kuvuna, jicho lilikuwa limeanza kusukumwa nje. Kope hazikuweza tena kulifunika vizuri. Asubuhi ulikuwa unaamka umeshikilia upande ule wa uso kwa kiganja, hulii, umenyamaza tu. Kunyamaza kwako kulinitisha kuliko kilio.

Hospitali ya rufaa tulifika tumebebana na mabegi na kuku wa kumpa ndugu aliyetupokea. Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, mwenye kuongea polepole. Akakupa kifuniko cha chupa uchezee, akakuangalia muda mrefu. Kioo cha jicho kilikuwa kimeingia ukungu, ndani haoni kitu. Akatueleza kwa Kiswahili cha kueleweka, na maneno yake nimeyahifadhi: kwamba kwa mtoto mdogo kuna uvimbe unaoanzia ndani ya jicho lenyewe na kulisukuma, na kuna uvimbe unaoanzia nyuma, kwenye tundu ambamo jicho limekaa. Ukitazama kwa nje vinafanana. Lakini matibabu yake ni tofauti, na kuukata mmoja kwa kudhani ni mwingine ni hatari, maana ule wa ndani ya jicho ukikatwa husambaa.

Akauliza, "Mna picha yoyote ya mtoto ya miezi ya nyuma? Iliyopigwa kwa flashi?"

Mama yako akafungua mkoba haraka, kwa furaha kabisa, kwamba walau kuna kitu tunacho. Akatoa picha ya Idi. "Hii hapa, daktari. Baba yake ni mpiga picha."

Daktari akaisogeza dirishani. Akatazama, akatazama tena. Akasema, "Picha nzuri. Mboni zote mbili nyeusi, safi. Basi miezi tisa iliyopita ndani ya jicho hapakuwa na kitu cha kuonekana. Hii inanielekeza nyuma ya jicho." Akaandika. Akasema kesho wakupe dawa ya usingizi, wapite pembeni ya jicho wachukue kinyama cha kupima.

Nilikuwa nimekaa pale, Mwanaidi. Nimekupakata. Kichwa chako kilikuwa kwenye kifua changu na kifuniko cha chupa umeking'ata. Mama yako anaitikia kila neno. Na kile alichokuwa anakisoma daktari kwenye jicho lako kilikuwa wino wangu.

Tulitoka, tukapewa kitanda, mama yako akakulaza. Nikasema naenda kutafuta maji ya kunywa. Nikazunguka jengo lile mara mbili. Nilikuwa najiambia kwamba wao ni madaktari, watagundua wenyewe, mashine wanazo. Ukweli ni kwamba sikuwa naogopa daktari. Nilikuwa naogopa uso wa mama yako.

Nilimkuta daktari kwenye sinki mwisho wa korido, anaosha mikono. Nikamsalimia tena ingawa tulishasalimiana. Nikamwambia, "Daktari, ile picha si ya kweli. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe. Nilitia wino."

Akafunga bomba. Mikono ikabaki inachuruzika maji. "Jeupe kiasi gani?"

"Kama ushanga. Na miezi minne baadaye, weupe ulikuwa mkubwa zaidi. Nilitia wino tena."

"Kwa nini hukusema mle ndani?"

"Mke wangu alikuwepo."

Sikuona hasira usoni mwake, nadhani alikuwa anafikiria kazi yake. Akasema, "Mkeo nakuachia wewe. Mtoto niachie mimi." Akaondoka kwa haraka, hata mikono hakukausha.

Mpango ukabadilika. Hawakuchukua kinyama. Walikulaza usingizi, wakakupiga picha ya kichwa, na wakachungulia kwa taa macho yote mawili, kila pembe, hata la kulia ambalo hakuna mtu aliyewahi kulilalamikia. Na ndani ya jicho la kulia, pembeni kabisa, wakakuta kivimbe kingine. Kidogo, daktari alisema, kama punje ya ulezi. Wakakigandisha kwa baridi, na tukarudi mara nyingi hadi kikafa. La kushoto halikuwa la kuokoa. Walianza na dawa za mishipani, nywele zako zikaisha, wakalitoa, dawa zikaendelea. Hayo ya baadaye unayajua, mengine unayakumbuka mwenyewe.

Jicho unalosomea barua hii ni lile la punje ya ulezi.

Mama yako akisimulia husema madaktari wale walikuwa na macho makali, na ni kweli, pengine wangeligundua hata bila mimi. Sijui. Wewe usinipe sifa yoyote hapo. Mtu aliyechoma nyumba, akikimbia na ndoo ya maji hashangiliwi. Nakueleza kwa sababu nyingine. Miezi tisa nilikaa na uongo wa nukta moja, nikauona mzito kama gunia, na kuutua kulichukua muda wa kufunga bomba. Nilidhani nitaanguka. Sikuanguka, nilishusha pumzi tu.

Halafu nikaharibu tena. Daktari aliniachia mama yako, nami sikumwambia. Ndipo nikatunga "ghafla". Miaka yote hii.

Nimemwambia juzi, siku ya pili baada ya fomu yako. Alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, toka Idi hadi sinki. Hakuinua kichwa. Akaniambia, "Ile picha niliifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, hata shule mtoto alikuwa hajaanza. Wino ukatoka, jicho likabaki jeupe. Nilijua siku hiyo."

"Na hukusema?"

"Nilikasirika mwaka mzima. Wewe ukadhani nina malaria, ukawa unaninunulia dawa." Akaendelea kuchambua. "Nikasema nitakungoja uje mwenyewe. Sikujua kwamba wewe ni mtu wa kuchelewa namna hii."

Akalia kidogo, nikalia zaidi yake. Kisha akasema maharage hayatajipika. Sijui kama amenisamehe. Jana aliniwekea chai, lakini chai hata mgeni anawekewa. Ninachojua ni kwamba tuliishi chumba kimoja na siri moja, kila mmoja amekaa upande wake, na tungeweza kuwa tumeibeba pamoja. Ukiishi na mtu siku moja, Mwanaidi, na ukaona amenyamaza juu ya jambo ambalo wewe pia umelinyamazia, tangulia wewe kusema. Kungojana ni kazi ngumu na haina malipo.

Sasa sababu ya kukuandikia leo na si mwakani. Ugonjwa ukikuta macho yote mawili, daktari alituambia, basi umo kwenye damu ya mtoto mwenyewe. Mimi na mama yako walituchungulia, hatukuwa na alama. Umeanza kwako. Lakini mtoto utakayemzaa anaweza kuzaliwa nao, si lazima, ila anaweza sana. Alisema, "Akikua, mwambieni." Hatukukwambia, kwa sababu kila nikitaka kuanza nilikuwa naiona kalamu.

Kwa hiyo sikiliza hili, maana ndilo agizo pekee la barua nzima. Ukipata mtoto, mpeleke kwa daktari wa macho siku za mwanzo kabisa, kabla hujamaliza arobaini, hata kama macho yake ni mazuri kiasi cha watu kukuonea wivu. Usingoje dalili. Mwanamume atakayekuja kutaka kukuoa mwambie mapema, na akikimbia mwache akimbie. Na wewe mwenyewe, uvimbe wowote au maumivu yasiyoeleweka mwilini, usikae nayo ukisema ni uchovu wa masomo. Ndani ya bahasha hii nimeweka kadi yako ya hospitali ya zamani na vipande viwili vya mkanda wenyewe, negativu, cha Idi na cha Mashewa. Ukivishika kwenye mwanga utaona mambo yamegeuka, jicho lako zima limekuwa la kijani na lililougua ni jeusi, usishangae, negativu ndivyo ilivyo. Wino wangu haukuwahi kufika huko. Daktari yeyote akiuliza ulianza lini, mpe hivyo, usimwambie ghafla.

Kuhusu mimi na kazi yangu, huenda umewahi kujiuliza kwa nini baba yako hapokei kazi ya kurekebisha macho ya watoto. Siku hizi hakuna kalamu, kompyuta inafuta kwa kubofya mara moja, na wateja wanajua. Kuna dada alitoka Mazingara na mwanawe kupiga picha, akaniambia, "Kaka, jicho limetoka jeupe, nitolee." Nikamwambia sitoi, mpeleke hospitali. Akanitukana vizuri sana, akaenda studio ya jirani. Nikapanda bodaboda hadi kwao nikaongea na babu wa mtoto. Wengi niliowahi kuwasumbua hivyo hawakuwa na kitu, ni mwanga tu uliingia kwa pembe mbaya. Mmoja alikuwa na mtoto wa jicho, akasafishwa. Yule wa Mazingara ndiye aliyekuwa na ugonjwa wako, na walimuwahi. Hapa mjini wananiita mpiga picha mwenye nuksi, na wengine wanawaleta watoto makusudi, wanasema tupeleke kwa yule mwenye nuksi atuangalizie. Nimelipokea jina.

Bado limebaki moja, na hili unalijua kuliko mimi.

Ulipokuwa na miaka minane uliniuliza, "Baba, kwa nini kwenye kila picha mimi naangalia dirishani?" Nikakujibu kwamba ndivyo unavyopendeza. Nyumba yetu ina picha zako kuta nzima: umeanza shule, umemaliza darasa la saba, umevaa sare ya sekondari, umeshika cheti. Zote umegeukia kushoto, upande wa kulia wa uso ndio unaoonekana. Mimi ndiye niliyekuwa nasema, "Geuza kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo." Ukazoea hadi ukawa unageuka mwenyewe kabla sijasema. Wino niliuacha, nukta nikaendelea kuitia.

Na wewe muda wote huo ulikuwa na moyo kuliko mimi. Walipokuita chongo shuleni ulirudi unacheka, unasema umewaambia jicho lako la bandia huwa linalala likiwa wazi, kwa hiyo linawaona wanapokuibia penseli. Uliposema unataka kusomea upimaji ardhi mama yako akauliza utaonaje kwenye kile chombo cha miguu mitatu. Ukamjibu, "Mama, wapimaji wote hufumba jicho moja. Mimi nimetangulia." Tulicheka, kisha nikaenda kuangalia kuku.

Barua hii nitakupa usiku huu. Kesho basi lako ni saa kumi na mbili asubuhi. Nitakuwa stendi mapema na kamera, flashi nimeshaijaza chaji. Ukishamaliza kubishana na mama yako kuhusu ndoo, nipe dakika moja. Simama utakavyo. Ukitaka kugeuka, geuka, ni uso wako. Mimi nitasimama mbele yako, na sitakwambia geuza.

Mimi baba yako.